Mfupa wa Kauri Haustawi Penye Usaha

Mfupa ni kitu chenye uhai. Unapata damu, unajijenga, na ukivunjika na kufungwa vizuri, kwa kawaida hujiunga wenyewe. Lakini risasi au pikipiki ikiponda mguu, pengine kipande kizima hupotea, na mfupa hauwezi kuvuka pengo kubwa. Hapo daktari hutafuta kitu cha kulijaza.

Kitu kilicho bora ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaotolewa nyongani. Lakini huo hautoshi pengo kubwa, na mahali ulipotolewa huuma. Mfupa wa mtu aliyekufa huweza kutumika, ila mara nyingi hutunzwa katika baridi kali usiku na mchana. Nani katika Baraka ana umeme wa namna hiyo? Kwa hiyo wataalamu wametafuta kitu kingine. Mwaka 1892 daktari mmoja Mjerumani, Dreesmann, aliandika jinsi alivyojaza mashimo ya mifupa kwa jasi, ile ile inayofungiwa mkono uliovunjika. Siku hizi wanatengeneza kauri. Mama afinyangaye vyungu ataelewa upesi. Unga wa kalisi na fosfati, vitu vinavyoupa mfupa wetu ugumu (hata ule wa ndagala tunazotafuna nzima), huchanganywa na kitu kiunguacho, kisha huchomwa kwa moto unaopita digrii 1000. Kile kitu huteketea na kuacha matundu kama ya mkate uliochachuka. Mishipa ya damu huingia humo, na mfupa mpya hujengwa. Kauri nyingine huyeyuka polepole, nyingine hukaa miaka mingi. Nayo hutunzwa sandukuni bila barafu.

Basi mimi nataka kauri hii ifike Fizi, wala sikubaliani na wanaosema ni mambo ya matajiri wa Ulaya. Lakini sikubaliani pia na ndugu wa mgonjwa wanaosema, “Tumpeleke kwanza kwa mzee wa mifupa, akishindwa, daktari atamwekea mfupa wa dukani.”

Kauri ni kama mti unaosimikwa shambani ili maharagwe yapande. Mti hauoti maharagwe. Mguu uliokaa wiki nyingi ukitoa usaha una mfupa uliokufa ndani yake. Ni lazima daktari aukate, aoshe, pengine arudie tena. Iko jasi inayochanganywa na dawa ya kuua vijidudu, lakini hata hiyo huwekwa baada ya kusafisha. Tena kauri huvunjika kama chungu. Haiwezi kubeba mwili peke yake, ila vyuma vishikilie mguu hadi mfupa mpya upate nguvu. Fedha ikiwa kidogo, ningenunua kwanza hivyo vyuma, na sabuni, na maji safi ya chumba cha upasuaji, kauri ifuate.

Basi mfupa ukitoboa ngozi, funikeni kidonda kwa kitambaa safi. Fungeni mguu kwa vijiti viwili, bila kukaza mno. Msipake majani wala udongo, wala msiuvute. Mleteni mgonjwa siku hiyo hiyo, kwa pikipiki, kwa mtumbwi au kwa tipoyi.