Nauza Landrover, Ndoa Nabaki Nayo

Mwezi huu nakuja kwenu kama muuzaji. Nauza Landrover 109, Series III, ya miaka ya 70. Ipo Ifakara, Kibaoni, uani kwa mama, juu ya matofali. Injini imeshushwa, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Haijaisha, na mimi sitaimaliza.

Utotoni nilizipanda hizi, tumebanana na magunia ya mpunga tukisubiri pantoni tuvuke kwenda Mahenge. Daraja la Kilombero lilifunguliwa 2018, mwaka huohuo nikainunua yangu. Kumbukumbu ni mbaya jamani, inakufumba macho! Bodi ni aluminiamu. Waingereza walianza hivyo 1948, chuma kilipokuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo hailiwi na kutu kama chuma. Ukiitazama nje unasema hili gari zima. Chesesi sasa, hiyo ni chuma, na mvua za bonde letu unazijua. Fundi aligonga kidogo tu, nyundo ikazama.

"Bosi, miezi mitatu," akasema. Ikawa miaka.

Spea nikawa natoa Gerezani, Dar, na kila nikirudi nyumbani namtajia mke wangu nusu ya bei. Mpaka siku alipokuta daftari la risiti. Hakupiga kelele. Alichukua kikokotoo, akajumlisha: milioni 11. Nyumba yetu ya Chanika imeishia kwenye lenta tangu tuoane. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo mume wangu, tuna maboma mawili?"

Sikulala.

Mnunuzi ametoka Morogoro na mkewe. Nilimwonyesha matundu ya chesesi kabla hajainama, nikampa kadi ya gari yenye jina langu, na boliti kwenye makopo, kila kopo limeandikwa za wapi. Gari lililofumuliwa bila hivyo ni chuma chakavu tu. Tumekubaliana milioni nne na nusu.

Yule dada ndiye alinibana: "Kaka, mbona unauza?" Nilishaandaa uongo, eti nahamia mkoani. Mke wangu alikuwa pembeni, daftari mkononi.

"Nilimficha mwenzangu," nikasema. Dada akageuka, akamtazama mumewe kwa muda mrefu kweli.

Jumamosi wanakuja na Fuso kuibeba. Bei ya bati nimeshaulizia, ila risiti safari hii anatunza yeye.