Mchicha na mionzi yake
Wiki hii ujumbe wa sauti umezunguka makundi ya WhatsApp: mboga zilizokuzwa kwa mbolea ya fosfati zina mionzi, msile. Sokoni, mama muuza mchicha akanisukumia fungu, udongo bado umeganda mizizini: “Haya, pima wewe mwanangu.” Kupima kwenyewe kuna kazi. Udongo na mboga hukaushwa, husagwa, huchekechwa, kisha hufungiwa kwenye kopo lisilopitisha hewa kwa karibu mwezi mzima ili gesi ya radoni isitoroke. Ndipo kopo huingizwa kwenye kigunduzi kilichozungushiwa kuta za risasi. Na katika mchicha, kinachosikika sana ni potasiamu-40, ambayo hakuna kiwanda kilichoileta; mwili wa mtu mzima, na wangu huu wa kitambi, unayo zaidi ya bekereli (kipimo cha mionzi) 4,000. Kweli, mwamba wa fosfati wa Minjingu, mkoani Manyara, unaotengenezewa mbolea, una urani nyingi kuliko udongo wa kawaida, kwa hiyo swali ni halali. Ila asiyepimiwa kwa mashine hupimiwa kwa uvumi. Nami nawalaumu wasomi wetu: wanachukua mboga za watu, wanapima, wanaandika majibu kwa Kiingereza, yanaishia kwenye rafu za chuo. Tangazo moja la Kiswahili getini mwa soko lingegharimu nini?