Rasimu Si Sauti: Uandishi Huria na Watunzi wa Lodwar na Kakuma

Mbinu ya kuandika mfululizo kwa dakika kumi, bila kusita, bila kufuta na bila kujali sarufi, ambayo hapa itaitwa uandishi huria, imepata wafuasi wengi katika vikundi vya uandishi vinavyokutana mtandaoni. Sharti lake ni moja tu: kalamu isisimame. Muda unapokwisha, kila mwanakikundi huweka mbele ya wenzake alichokiandika, nao humpongeza papo hapo. Wafuasi wa mbinu hii hudai kwamba maandishi yaliyozaliwa hivyo ndiyo sauti halisi ya mtunzi. Dai hilo hutiwa mkazo zaidi linapowahusu watu wanaohesabiwa kuwa wamenyamazishwa: kijana wa Kiturkana aliyesoma Lodwar, au mkimbizi wa Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, kilomita zipatazo 120 kwa barabara kutoka mji huo. Watu hawa, yasemwa, shule imewafunga ndimi na ofisi zimewachosha. Basi na waachwe wayamwage yaliyomo mioyoni mwao. Makala haya yanashikilia kwamba dai hilo, pamoja na huruma yake yote, linampokonya mtunzi haki iliyo kubwa kuliko ile linayojigamba kumpa.

Hapana budi kuanza na asili ya mbinu yenyewe. Dorothea Brande, katika kitabu chake cha mwaka 1934, aliwashauri wanaojifunza utunzi waandike mara tu waamkapo. Peter Elbow, mwalimu wa Kimarekani, aliipa mbinu hii umaarufu wa kitaaluma katika kitabu chake Writing Without Teachers cha mwaka 1973. Kwa Elbow, zoezi hili lilikusudiwa kumsaidia mwandishi ambaye hofu ya kukosea humzuia asiandike hata sentensi moja. Maandishi yake hayasahihishwi wala hayapewi alama, na si lazima yasomwe na yeyote. Mengi yake ni makapi, na kazi ya kuyapepeta inamngoja mwandishi mwenyewe. Elbow hakuuondoa uhariri, aliuahirisha. Wafuasi wake wa mtandaoni wameyashika maagizo ya mwanzo wa kitabu na kuyaacha ya baadaye. Faragha iliyokuwa kinga ya zoezi wameigeuza kuwa jukwaa, na rasimu iliyokuwa malighafi wameitangaza kuwa kazi ya sanaa.

Yamkini mtetezi atajibu kwamba ufundishaji wa insha katika shule zetu umewadumaza wanafunzi kwa misemo ya kukariri na ufunguzi usiobadilika. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini je, ni nini kinachomjia mtu upesi zaidi anapokatazwa kusita? Aghalabu ni kile alichokizoea zaidi. Mwanafunzi wa Lodwar ambaye nyumbani huzungumza Kiturkana, aliyejifunza Kiswahili darasani na kufanyia mitihani mingi katika Kiingereza, akiambiwa aandike bila kupumua, ataokota methali za mtihani, kauli za mahubiri na maneno ya matangazo ya redio. Neno lake mwenyewe liko ndani zaidi, na mtaka cha mvunguni huinama. Mkongo aliyefika Kakuma kutoka Kivu ana Kiswahili chake, chenye msamiati na sarufi vinavyotofautiana na vile vya vitabu vya shule. Ni lazima asite ili aamue kama atalitumia neno la kwao au la darasani, na kwa ajili ya msomaji gani. Uamuzi huo ndio mwanzo wa mtindo. Anayeuharamisha mkono kusimama anaharamisha uamuzi wenyewe, na kumwachia mtunzi lugha ya wengine akidhani amempa yake.

Historia ya ushairi wa Kiswahili nayo inalikanusha dai hili. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa mfungwa wa kisiasa nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, akayaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Lau kuna mtu aliyekuwa na kila sababu ya kumwaga dhiki yake ovyo, alikuwa ni yeye. Hata hivyo, diwani hiyo iliyochapishwa mwaka 1973 imejengwa juu ya vina na mizani. Kanuni hazikuwa gereza la pili kwake. Zilikuwa eneo alilolitawala mwenyewe ndani ya gereza lililotawaliwa na wengine. Mwaka mmoja baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani isiyofuata sheria zilizofafanuliwa na Amri Abedi mwaka 1954, na mgogoro mkubwa ukazuka kuhusu mashairi huru. Asiwepo wa kuwapachika wafuasi wa uandishi huria upande wa Kezilahabi kwa sababu tu ya kufanana kwa majina. Mshairi aliyeacha vina alijitwika mzigo mwingine, wa kutafuta urefu wa mshororo na mahali pa kunyamaza pasipo kanuni ya kumwongoza. Pande zote mbili za mgogoro ule zilikubaliana juu ya jambo moja: shairi ni kazi.

Wala hapana haja ya kukimbilia vitabuni. Wapo wanaodhani kwamba kumhimiza Mturkana aandike bila mpango ni kumrudisha kwenye fasihi simulizi ya kwao, kana kwamba fasihi simulizi ni kuropoka. Mwanamume wa Kiturkana humtungia nyimbo ng'ombe dume ampendaye, akizitaja rangi zake na pembe zake, ambazo huenda zilipindwa kwa makusudi tangu mnyama akiwa mdogo. Wimbo huo huimbwa na kurudiwa mbele ya watu wanaojua nyimbo nyingine za aina yake na wanaoweza kupima. Pembe haipati umbo lake kwa dakika kumi, na wimbo unaoisifu haustahili kudhaniwa kwamba ulipata lake kwa muda huo.

Katika Kakuma suala hili linavuka mipaka ya fani. Mkimbizi huishi katika utaratibu unaomdai masimulizi. Ili atambuliwe kuwa mkimbizi, hueleza maisha yake katika mahojiano, na maelezo hayo hupimwa kwa kulinganishwa: tarehe na tarehe, jina na jina. Mtu wa namna hii anapohimizwa kuandika lolote linalomjia, kisha kulituma mara moja kwa watu asiowafahamu, hapewi uhuru wowote mpya. Anadaiwa ushuhuda mwingine, safari hii bila hata nafasi ya kufikiri. Andiko likishatumwa kwa simu linaweza kunakiliwa na kusambazwa, na jina la ndugu aliyebaki nyuma likishatajwa halifutiki. Inafaa kukumbuka kwamba wakimbizi wenyewe, walipoanzisha gazeti lao huru la mtandaoni, Kakuma News Reflector, mwaka 2008, walichagua chombo cha kihabari, ambacho kazi yake ni kuchagua, kuthibitisha na kuhariri. Hawakuomba kusamehewa kazi hiyo.

Hapa ndipo unafiki wa sifa hizi unapojidhihirisha. Mwandishi wa London au Nairobi akikamilisha riwaya, mhariri humrudishia mara mbili au tatu, na hakuna anayesema kwamba sauti yake imeuawa. Wa Kakuma akiandika ukurasa mmoja wenye makosa, huambiwa asiuguse, maana makosa ndiyo uhalisi wake. Wa kwanza anahesabiwa kuwa msanii. Wa pili anahesabiwa kuwa jeraha linalozungumza. Kumsifu mtu kwa rasimu yake ni kumwambia, kwa adabu, kwamba hakuna zaidi kinachotarajiwa kutoka kwake.

Itasemwa kwamba kudurusu kunahitaji muda, meza, taa na utulivu, na kwamba vitu hivyo ni adimu kambini na hata Lodwar. Ni kweli, na kwa sababu hiyo ndivyo vinavyopaswa kudaiwa. Umaskini wa mazingira usigeuzwe kuwa nadharia ya uhakiki. Uandishi huria na ubaki pale ulipowekwa tangu mwanzo: katika daftari la mtunzi, usomwe naye peke yake. Vikundi na viombe rasimu ya tatu badala ya kushangilia ya kwanza. Idara za fasihi nazo, ambazo hutunuku shahada kwa kuchambua matini zilizokomaa, ziache kuwapongeza watunzi wa Turkana kwa matini ambazo zisingezikubali kutoka kwa wanafunzi wao. Mtunzi aliyenyimwa haki ya kufuta hajapewa bado haki ya kuandika.