Rufaa Si Dharau kwa Marehemu

Ugomvi wa majirani juu ya mpaka wa shamba unapoishia katika mauaji, na aliyehukumiwa akakata rufaa, wapo wanaonung'unika kwamba marehemu anadharauliwa. Sisi hatukubaliani nao. Katika Tanzania Bara, mtu mzima aliyeua kwa kukusudia hukumu yake ni kifo. Aliyeua bila kukusudia aweza kupewa kifungo, hata cha maisha. Tofauti hiyo yategemea nia, na chuki ya zamani peke yake haithibitishi nia. Ndiyo maana majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, huupima ushahidi upya. Haki ya marehemu haitimizwi kwa kumhukumu asiyestahili. Wananchi, mpaka ukibishaniwa, nendeni barazani mkasuluhishwe kabla mapanga hayajainuliwa.