Ufa huu usiuzibe, ingiza mkono

Sote tumelelewa na ile methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama anaitumia suruali ikichanika, mwalimu anaitumia ukifeli hesabu, na wanasiasa ndio hata tusiseme. Lakini kuna mahali, mwendo wa matatu tu kutoka Nairobi, ambapo ufa hauzibwi. Unaupima kwa jicho, unaingiza mkono, halafu unautumia kupanda ukuta wenyewe.

Nazungumzia Hell's Gate, kule Naivasha. Wengi wetu tunaijua kwa baiskeli na selfi za pundamilia. Ukishapita lango la Elsa, kabla hata kiti cha baiskeli hakijaanza kukuchosha, unakutana na Fischer's Tower: jiwe limesimama peke yake, urefu wa mita 25 hivi, pimbi wakiota jua miguuni pake. Wamaasai wana hadithi kwamba ni msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa. Aliambiwa asigeuke kutazama nyuma, akageuka, akawa jiwe. Endelea mbele kidogo na utaona kuta ndefu mara kadhaa ya hilo jiwe, zimepasuliwa na nyufa zilizonyooka toka chini hadi juu kama zimepigwa rula.

Hizo nyufa hazikuchorwa na mtu. Mwamba ule ulikuwa lava ya moto. Ulipopoa ulisinyaa, na uliposinyaa ukapasuka, sawa na matope ya bwawa jua linapowaka. Leo hizo nyufa ndizo njia za wapandaji.

Na jinsi ya kupanda si vile unavyofikiri. Huhitaji kuwa na mikono ya mbeba mizigo wa Marikiti. Unaingiza kiganja kikiwa bapa, kidole gumba kikielekea juu, kisha unalikunja gumba ndani ya kiganja. Mkono unavimba mle ndani, unabana kuta zote mbili, na ghafla unagundua umeshikwa. Mguu nao unaulaza ubavu, unachomeka ncha ya kiatu, halafu unalisimamisha goti. Kiatu kinajipinda na kubana. Ufa ukiwa mwembamba, ni kazi ya vidole. Ukiwa mpana, ni ngumi. Ukiwa mpana zaidi, unaingia wewe mzima, mgongo upande huu na miguu upande ule. Inauma, sikudanganyi. Ndiyo maana wenye uzoefu hujifunga plasta migongo ya mikono kabla ya kuanza.

Sasa tuingie kwenye hoja, maana sikukuita hapa kukupigia hadithi za utalii.

Kuna fikra mtaani kwamba mambo ya miamba ni ya wazungu na watoto wa mabwanyenye. Mimi siikubali hata kidogo. Usiku ule wa uhuru, Desemba 1963, aliyepeleka bendera yetu juu ya Mlima Kenya alikuwa Kisoi Munyao, Mkenya kama wewe. Mei 2022, James Kagambi alisimama kwenye kilele cha Everest akiwa na miaka 62, baada ya kutumia sehemu kubwa ya maisha yake akifundisha wengine kupanda milima. Hivyo usiniambie ati hii si yetu.

Kinachotuzuia si rangi wala woga. Ni kamba. Kamba moja ya kupandia inaweza kumeza kodi ya bedsita ya zaidi ya mwezi mmoja, na bado hujanunua mshipi wa kiunoni, kofia ngumu, viatu na vile vyuma vya kuchomeka kwenye ufa. Kwa kijana anayesukuma siku kwa vibarua, hiyo hesabu haingii. Matokeo yake tunagawanyika makundi mawili: wale wanaobaki nyumbani wakitazama video, na wale wanaoenda kupanda bila chochote ili wapate video.

Hilo kundi la pili ndilo linalonitia hofu. Buda, ukuta haujui una wafuasi wangapi. Mita 25 ni kama ghorofa la nane. Ukianguka kutoka pale hakuna anayebonyeza kitufe cha kurudia.

Ufa una heshima yake na unadai maarifa. Anayepanda mbele anachomeka vyuma ndani ya ufa kila baada ya hatua kadhaa na kupitisha kamba. Anayefuata anavitoa akija, na mwamba unabaki kama ulivyokuwa. Mwaka wa 1978 kiliingia sokoni chuma chenye masikio yanayojitanua kwa springi, ubunifu wa Mmarekani Ray Jardine, na nyufa nyingi zilizokuwa ngumu kulindwa zikawezekana. Lakini hata chuma hicho hakifuti hesabu. Ukiwa mita mbili juu ya chuma chako cha mwisho, ukiteleza utaanguka mita nne, na zaidi kidogo, kwa sababu kamba nayo hunyooka.

Huko kunyooka ndiko kunakokuokoa. Kamba ya kupandia imeundwa ivutike ili imeze nguvu ya mwanguko. Ile ya nailoni ya duka la vifaa vya ujenzi haina kazi hiyo. Na tafadhali, mtumba ni poa kwa koti na raba, si kwa kamba. Kamba ambayo hujui imeanguka mara ngapi, imelala wapi na imemwagikiwa nini, iache hapo hapo ilipo.

Basi tufanye nini? Jibu tunalo nyumbani. Nchi hii inaendeshwa na chama. Mama zetu wamenunua ploti, matangi na sufuria za harusi kwa kuchanga kidogo kidogo. Kwa nini vijana kumi na watano wasichange wakanunua seti moja ya vifaa, ikatunzwa na mtu mmoja makini, yenye daftari la kila kamba na kila safari? Kidole kimoja hakivunji chawa, na kwenye ufa hilo utalielewa haraka kuliko darasani.

Kaunti nazo zisijifiche. Nakuru ina Hell's Gate. Machakos ina Lukenya, kilima kilicho karibu na barabara ya Mombasa, ambako Mountain Club of Kenya wamepanda kwa miongo mingi. Kila mwaka tunaahidiwa uwezeshaji wa vijana, na mara nyingi tunachopata ni fulana na soda. Mafunzo ya uokoaji wa miambani, vyeti vya waongozaji na stoo ya vifaa vya kuazimwa vingetufaa zaidi. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua vizuri jinsi mlango unavyofungwa ukikosa karatasi. Kuna vijana pale Naivasha wanaojua kila ufa wa Fischer's Tower kama wanavyojua mifuko yao. Wapewe mafunzo na karatasi, hiyo ni ajira.

Na wewe ukienda, una sehemu yako. Anza na mtu anayejua, kamba ikiwa imefungwa juu tayari, ujifunze kubana mkono kabla ya kufikiria kwenda mbele. Muulize anayekuongoza alifundishwa wapi na kamba yake ina umri gani. Akikasirika, shukuru Mungu na uondoke. Akikujibu vizuri, mlipe haki yake, usianze kukomoana naye kwa mia mbili. Kabla ya kuondoka ardhini, angalianeni: fundo la nane, bakoli za mshipi, kofia, na yule anayeshika kamba awe anashika kamba, si simu.

Heshimu wenyeji pia. Kwenye kuta za Hell's Gate hulala na kutaga tumbusi wa Rüppell, ndege aliye hatarini kabisa kutoweka duniani. Ukiambiwa upande fulani umefungwa kwa sababu ya viota, umefungwa. Na mvua ikinyesha, hata kama ni mbali upande wa juu, kaa mbali na korongo la Ol Njorowa. Mafuriko ya ghafla yaliua wageni mle mwaka wa 2012, yakaua tena 2019. Hao nao walikuwa wametoka tu kujivinjari.

Najua kuna atakayesema: kijana hana kazi, wewe unamwambia apande mawe? Ndiyo, namwambia. Wiki nzima tunasikia kwamba hatutulii, hatuvumilii, tunataka vya haraka. Kwenye ufa haraka haipo. Unatafuta pa kubana, unabana, unapumua, unamwamini aliyeshika kamba chini, ndipo unasogea. Mwenzako naye anakuamini vivyo hivyo zamu yake ikifika. Hakuna ada ya chuo inayokufundisha hilo.

Kwa hivyo wikendi hii msiishie kutumiana video kwenye kikundi cha WhatsApp. Hesabuni mko wangapi, kila mmoja aseme anaweza kutoa ngapi kwa mwezi, na mumchague wa kutunza kamba. Ufa uko pale tangu lava ilipopoa. Utawasubiri mpaka muwe tayari.