Mtoto kushindwa kuamkia wageni si lazima awe amekosa adabu

Jumapili moja nilikuwa Isevya, Tabora, nyumbani kwa jamaa zangu. Wageni walifika kutoka Urambo. Mtoto wa kiume wa miaka sita akakimbilia nyuma ya mlango. Baba yake alimwita mara tatu aje kuamkia. Mara ya nne akamvuta mkono na kumchapa kofi mbele ya watu wote. "Mtoto gani huyu, bubu?"

Bibi yake, aliyekuwa amekaa mkekani, akasema taratibu: "Mwache, baba. Wewe mwenyewe nilikuwa nakutoa uvunguni wageni wakija."

Watu walicheka, lakini bibi alikuwa amesema jambo ambalo watafiti wamelifanyia kazi kwa miaka mingi.

Aibu ya mtoto kwa sehemu ni ya kurithi. Hili lilijulikana kwa kulinganisha mapacha. Mapacha wanaofanana kabisa wana vinasaba vilevile, ilhali mapacha wasiofanana hushirikiana karibu nusu, kama ndugu wengine. Wale wanaofanana hukaribiana zaidi hata kwa aibu. Makadirio mengi yanasema kati ya asilimia 20 na 60 ya tofauti za hulka baina ya watu hutokana na urithi. Hakuna kinasaba kimoja cha aibu. Ni vingi, na kila kimoja huchangia kidogo.

Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwapima watoto wa miezi minne kwa kuwaonyesha vitu vigeni na kuwasikilizisha sauti ngeni. Karibu mmoja kati ya watano alirusha miguu na kulia. Wengi wa hao walipokua kidogo waliogopa watu wageni. Yaani hofu ilionekana kabla mtoto hajafundishwa adabu wala utovu wa adabu.

Lakini mzazi mwenzangu, usiishie hapo ukasema "ndivyo alivyozaliwa." Wengi wa watoto wale hawakubaki waoga kupita kiasi. Waliokingwa na kila jambo gumu walielekea kubaki na hofu. Waliosogezwa mbele taratibu, hofu yao ilipungua.

Mazingira nayo yana uzito. Huko China, mwaka 1990 watoto wenye aibu walipendwa na wenzao na kusifiwa na walimu. Kufikia 2002, maisha ya mjini yalipokuwa yamebadilika, watoto wa aina hiyohiyo walianza kutengwa. Vinasaba havibadiliki kwa miaka 12. Kilichobadilika ni macho ya watu.

Na sisi wa Tabora tuna macho yetu. Mji huu umekuzwa na wageni. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikutana hapa. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872. Baadaye likaja treni. Kumpokea mgeni ni heshima ya nyumba. Ndiyo maana mtoto asiyeamkia hutuumiza, tukadhani ametuaibisha.

Basi tufanyeje?

Kwanza, usimpachike jina. "Bubu" au "mshamba" likirudiwa kila siku, mtoto huliamini.

Pili, mwandae mapema. Mwambie nani anakuja, na atatakiwa kufanya nini.

Tatu, mpe hatua ndogo. Leo apunge mkono, kesho atoe mkono, keshokutwa aseme shikamoo kwa sauti ndogo. Wapagazi wa zamani hawakufika pwani kwa siku moja. Walikwenda kambi hadi kambi.

Nne, usimjibie kila kitu. Mtume dukani kununua chumvi akiwa na dada yake, kisha siku nyingine dada asubiri nje.

Tano, usimchape kwa sababu ya aibu. Kofi humfundisha kwamba mgeni akija, maumivu yanakuja naye.

Hata hivyo, si kila ukimya ni aibu. Kama mtoto haongei hata na watu wa nyumbani, haitikii akiitwa, amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au haongei kabisa shuleni hata baada ya kuzoea, mpeleke hospitali apimwe masikio na akaonwe na mtaalamu. Usingoje akue.

Siku ile bibi hakumlazimisha mjukuu wake. Alimpa sahani ya maembe yaliyomenywa, akamwambia, "Wapelekee wageni, kisha rudi kwangu." Mtoto aliiweka sahani mezani, akasema "shikamooni" akitazama sakafu, akarudi mbio mkekani. Wageni walijibu "marahaba" na kuendelea na mazungumzo yao. Baba yake alinyamaza. Baadaye nilimwona amekaa mkekani kando ya mtoto, wakila maembe yaliyobaki, wote wawili kimya.