NYUMBA YETU: CHOMBO CHA JIRANI

Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni mahali pa kuwekea zana.

Masika yalipokwisha tulikuwa tukisafisha banda letu hapa Arusha, tukakuta nyuma ya magunia patasi isiyo yetu, makali yake yameliwa na kutu. Tuliiazima kwa jirani yetu seremala, tukanuia kuirudisha jioni ile ile. Jirani huyo amekwisha kufariki. Hatukukusudia kumdhulumu; ila chombo hakikuwa na mahali pake, kikasahauliwa. Je, udhuru huo utatufaa?

Mtume wetu (s.a.w.) alipoazima deraa kwa Safwan bin Umayya wakati wa vita vya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, alimhakikishia kuwa ni azima yenye dhamana, na Safwan siku hizo hajasilimu bado. Tena katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu, aliyeazima kitu kikampotea hukilipa, hata ikiwa hakuzembea. Basi tuliwaendea warithi, tukawapa patasi na fidia yake, tukaomba radhi. Walitusamehe. Lakini mwenyewe hatukupata kumwomba.

Yatupasa, basi, kila chombo kiwe na mahali pake. Jembe na panga litokalo migombani au katika mibuni ya Meru huja na udongo mbichi, na kutu huingia pale maji na hewa vikutanapo juu ya chuma. Lioshwe, likaushwe, lipakwe mafuta kidogo. Nyundo, msumeno na tupa vitundikwe ubaoni, na kila kimoja kichorewe umbo lake kwa chaki, ili kikikosekana, nafasi yake iwe shahidi. Misumari itengwe makoponi kwa kadiri ya ukubwa wake. Vyenye makali viwe juu, watoto wasivifikie. Nanyi mama zetu, mbuzi ya kukunia nazi na sinia la jirani vina haki iyo hiyo.

Kisha pigeni msumari mmoja karibu na mlango, uwe wa vitu vya watu. Kila kilichoazimwa kitundikwe hapo, atokaye akione.

Wala msidhani kuwa dawa ni kuacha kuazimana. Sura ya Al-Maun yawalaumu wanaowanyima wenzao vitu vidogo vya matumizi, na Ibn Masud (r.a.) alivieleza kuwa ni kama shoka, chungu na ndoo. Kumpa jirani ni wema, na kumrudishia ni wajibu.

Enyi vijana, kabla ya kulala leo tazameni banda la nyumbani kwenu. Mkikuta kisicho chenu, kipelekeni asubuhi, maadamu mwenyewe yu hai.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza amana. Amin.